Kisamvu cha Nazi, Mama Akiwa Mkekani

Mama alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, sebuleni kwangu Dodoma. Mimi nilikuwa jikoni, upawa mkononi. Kati yetu palikuwa na mlango wenye pazia. Hakuiona sufuria wala moto, lakini alitamka neno moja, polepole, kama anayelivuta kutoka kisimani: "Limekatika."

Nikainama kutazama. Kweli, tui lilikuwa limekatika. Maji ya kijani yamejitenga upande, vibonge vyeupe vinaelea kama maziwa yaliyoganda, na mboga imelala chini kana kwamba haijawahi kukutana na nazi.

Nilikuwa na umri wa miaka 41, na hiyo ndiyo sufuria yangu ya kwanza ya kisamvu cha nazi kuanzia jani hadi sahani. Kula nilikula tangu sijaota meno yote. Kwetu, kwenye njia ya kutoka Muheza kwenda Pangani, kisamvu ni mboga ya siku yoyote: kwa ugali wa mahindi, kwa wali, kwa bada ya unga wa muhogo, pembeni ya samaki wa kukaanga au peke yake. Ila waliokabidhiwa mchi ni dada zangu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Nikaenda bweni, kutoka bweni chuo, kutoka chuo kazi ya uhasibu. Nyumbani nilirudi likizo, nikapokewa kama mgeni, na mgeni hupakuliwa, hatumwi kutwanga.

Kisha mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea wote. Tulishauriana na dada zangu tukaona aje kwangu, maana kliniki na mazoezi ya viungo vilikuwa karibu. Maneno yalirudi vipande vipande ndani ya miezi minne. Mkono wa kulia haukurudi vile. Uliweza kushika tonge nikimwinulia kiwiko, basi. Wa kushoto ulikuwa mzima na nguvu zake zote, lakini mama amelelewa kwenye chuo cha Kurani, akafundishwa tangu mdogo kwamba kushoto hakugusi chakula, na maradhi hayakumbadilisha. Nikimwekea kijiko upande huo, anakirudisha sahanini. "Nitasubiri," anasema. Na anasubiri kweli, mpaka ninawe mikono nije kumshika kiwiko.

Sentensi yake ya kwanza kamili baada ya kuugua haikuwa ya kuuliza hali yake wala ya kulalamika. Alisema, "Nataka kisamvu cha kwetu."

Nikampigia dada yangu mkubwa. Akanijibu kwa upendo na haraka, kuku wanasikika nyuma yake: "Twanga, chemsha, tia tui, koroga." Maneno manne. Nilidhani ananificha kitu. Hakunificha. Kila neno kati ya yale manne lina kazi ya karibu saa nzima ndani yake, na yeye ameifanya mara nyingi hadi haioni tena. Hata mama, nilipokaa naye na daftari, hakuweza kunieleza. Alikuwa anaanza, "Unachukua majani..." halafu anakwama, si kwa ugonjwa. Alikuwa anautafuta mkono wake umkumbushe.

Basi tulijifunza pamoja, sufuria baada ya sufuria, karibu kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Mimi nikiwa mikono, yeye masikio na pua.

Majani ndiyo yaliyotuchelewesha kwanza. Sokoni Majengo kisamvu huuzwa kimeshasagwa kwa mashine, rundo la kijani kwenye beseni, na mwenye haraka huchukua hicho akaenda zake. Nilinunua mara mbili. Mama alikishika kwa vidole vya kulia, akakisugua kidogo, akasema kina vijiti. Ni kweli, mashine haichagui: jani changa, jani zee, kikonyo, vyote hupita. Nikaanza kutafuta majani mazima. Yanayofaa ni yale ya juu kabisa, matatu au manne ya kileleni, ambayo bado yanang'aa na ukiyakunja hayavunjiki. Unayachambua moja moja, kikonyo unatupa, jani unabakiza. Kazi hiyo inachosha vidole, lakini mama aliipenda kwa sababu ni ya kukaa na kuongea. Nilichambua, akanisimulia.

Ndipo nilipojua kwamba kisamvu cha bibi, mama yake, hakikuwa cha muhogo. Kilikuwa cha mpira. Nyuma ya nyumba yake ulikuwepo mti mrefu wenye majani kama ya muhogo, na watoto walitumwa kuupanda na kikapu cha kamba. Mti huo ni ndugu wa damu wa muhogo, wote asili yao ni Amerika ya Kusini. Wajerumani waliupanda kwa wingi upande wetu wa Tanga wakitafuta utomvu, na mwaka 1913 bei ya mpira ikaporomoka kwa sababu mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki yalishaanza kuzalisha kwa wingi na kwa gharama ndogo. Mashamba yakaachwa. Miti haikujua kama bei imeanguka, ikaendelea kuchipua, na watu wakachuma majani yake wakala. Kule juu yetu, Amani, kwenye Milima ya Usambara Mashariki, kilikuwepo kituo cha utafiti wa kilimo tangu 1902, na baadaye, wakati wa Waingereza, wataalamu wake waliuzalisha muhogo na huo huo mti wa mpira ili kupata mbegu inayostahimili batobato, ugonjwa wa majani ya muhogo. Kwa hiyo hata anayekula kisamvu cha muhogo leo huenda anakula kidogo cha mpira wa bibi. Wanaojua kula watakwambia cha mpira ni laini zaidi na kina utamu wake. Mimi nawaamini. Nilikila mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi, na bado naukumbuka ule ulaini, kama siagi inayopita.

Kinu niliazima kwa jirani yetu, mama wa Kigogo mwenye roho ya kutoa. Kabla ya hapo nilijaribu blenda, niseme tu wazi. Blenda hukata, haitwangi. Bila maji haizunguki, na ukitia maji unapata uji wa majani, na uji huo hata uuchemshe vipi hautashika tui.

Siku ya kwanza ya kinu nilitwanga kwa hasira ya kutaka kumaliza. Mama akaanza kupiga mkeka kwa kiganja cha kushoto. Pu. Pu. Pu. Polepole kuliko nilivyokuwa nakwenda. "Hivyo," akasema. "Usiusukume. Uache udondoke." Nikaacha mchi udondoke kwa uzito wake, mimi kazi yangu ikawa kuuinua tu, na mabega yakaacha kuuma. Ndani ya kinu tulitia punje tatu za kitunguu saumu, ndivyo alivyofanya bibi. Mama hakuweza kusema lini pa kuacha, aliniambia niendelee "mpaka harufu igeuke." Nilichukua wiki nyingi kuielewa harufu hiyo. Mwanzoni kinu kinanukia nyasi zilizofyekwa. Baadaye, kama dakika 40 kwa nusu kilo ya majani, harufu inakuwa nzito na kali kidogo, na ukikamata mboga kiganjani inajishika bonge, inang'aa, wala haichuruziki.

Ukimaliza kutwanga huendi jikoni moja kwa moja. Mama alitaka mboga ikae kwenye bakuli "ipumzike" wakati wa kukuna nazi. Nilidhani ni mazoea ya mtu mwenye mambo mengi ya kufanya. Halafu nikafanya kosa lililonifundisha.

Ilikuwa siku ya kazi, nimerudi jioni, nikasema leo nitafupisha. Nikayachemsha majani mazima kwanza yalainike, nikayatwanga haraka, nikayarudisha kwenye sufuria, nikafunika, na baada ya dakika 25 nikatia tui. Kwa macho kilipendeza. Mama alionja tonge moja, akasukuma sahani. "Kibichi." Mimi na mwanangu tukala, maana tui lilikuwa limefunika kila kitu. Usiku ule tumbo lilinisokota, kichwa kikaniuma, na mtoto naye akaamka akilia tumbo. Asubuhi tulikuwa wazima, lakini nilikaa kitandani nikitetemeka kwa kufikiria nilichokuwa nimemlisha.

Nikasoma nilichopaswa kukijua kabla. Majani ya muhogo yana kemikali inayoweza kutoa sianidi, sumu hasa. Ndani ya jani zima kemikali hiyo imetengwa na kimeng'enya kinachoivunja. Ukitwanga, kuta zinapasuka, viwili vinakutana, sumu inaachiliwa, na kwa kuwa hugeuka mvuke kwenye joto la nyuzi 26 tu, hutoka na kwenda zake angani. Ile harufu kali inayogeuka kinuni ni dalili kwamba majani yamevunjika sawasawa. Kule kupumzika kwenye bakuli kunakipa kimeng'enya muda wa kumaliza kazi. Lakini ukichemsha majani mazima kwanza, moto unakiua kile kimeng'enya, na sumu inabaki imefungwa mle mle ndani. Na ukifunika sufuria, mvuke unaotaka kutoka unaurudisha chini.

Nilimweleza mama yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema, "Bibi yako alisema kisamvu kilichofunikwa kina kisirani." Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo, kwangu, kisamvu hutwangwa kibichi, hupumzika, huchemshwa saa moja na nusu bila mfuniko na madirisha wazi, na hapo sitaki kupunguza hata dakika. Wapo wanaotia magadi ili kiive upesi. Kinalainika, sikatai, lakini ulimi unabaki na kitu kama sabuni, na tena magadi yanakudanganya: mboga inakuwa laini kabla haijaiva.

Nazi, Dodoma, ni mgeni kama mimi. Inasafiri kutoka Pwani, na ukiinunua lazima uitikise karibu na sikio usikie maji. Isiyo na maji ndani usiipeleke nyumbani. Mbuzi ya mama ya kukunia nazi ililetwa na dada yangu ndani ya basi, imefungwa kanga, meno yake yameliwa na miaka. Nilipokuwa naogopa kuikalia nilitumia blenda kusaga vipande vya nazi, na hapa blenda ina nafuu yake: ukiondoa ganda la kahawia na ukachuja mara mbili kwa kitambaa, tui linafaa. La mbuzi ni safi zaidi, jeupe pe, kwa sababu unakuna kwa kuzunguka na unaacha kabla ya kugusa kahawia. Lile la kwenye boksi nalitumia kwenye mchicha siku za kazi. Halikatiki kirahisi kwa kuwa limetiwa vitu vya kulishikiza, lakini kwa sababu hiyo hiyo halitoi mafuta mwishoni, na kisamvu kisichotoa mafuta kwetu hakijaiva.

Nazi mbili kubwa. Nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, unakamua kwa nguvu, unapata tui la kwanza, zito, ambalo wazee wa Pwani huliita kasimile. Hilo weka kando, usiliguse. Machicha yale yale unayatilia maji tena, vikombe vinne, unakamua tui la pili, jepesi. Nilikuwa nayachanganya, nikiona ni kitu kimoja kilichotenganishwa bila sababu. Mama alipoona bakuli moja badala ya mawili alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa. Tui la pili ndilo la kupikia: linaingia kwenye mboga iliyokwisha kuiva maji yake yamekauka, pamoja na kitunguu maji kilichokatwa, ngogwe tano zilizopasuliwa katikati, na pilipili mbuzi moja nzima, na hiyo pilipili hupasui wala huikandamizi, inaogelea tu itoe harufu. Nyanya hatutii. Nilikuwa natia, kwa kuwa nimezoea kutia nyanya kila kitu, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kukatika kwa tui langu. Ukali wa nyanya, kama ule wa limau, hulitenganisha. Mwenye kutaka limau akamulie sahanini.

Sasa nifike pale penyewe.

Tui ni mafuta na maji yaliyoshikwa pamoja na protini kidogo. Likipata moto mkali kwa ghafla, protini inaganda na vile viwili vinaachana. Hilo nililisoma na nikalielewa. Nikapunguza moto, nikatia kasimile kidogo kidogo, nikakoroga bila kupumzika. Likakatika. Jumamosi iliyofuata, tena. Nikamwomba mama anionyeshe namna ya kukoroga. Aliketi wima, akanitazama, akajaribu. Nikaona bega la kulia likipanda, mkono ukabaki pale pale pajani. Akajaribu mara ya pili. Nikataka kumwambia basi, tuache. Akasema, "Si kuzungusha. Ni kuinua."

Kuinua. Unachota kwa upawa, unainua juu kiasi cha shubiri, unamimina pale pale, unachota tena. Tui linapanda na kushuka, linapata hewa, halipati nafasi ya kukaa chini likaungua wala kuchemka kwa fujo. Mimi nilikuwa nazungusha kama anayekoroga uji. Mama alipika miaka mingi hajawahi kulisema neno hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, na mkono ulikuwa unatosha kueleza. Ilibidi mkono ushindwe ndipo neno lipatikane. Nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari.

Kisha akanifundisha kusikiliza, na hilo nadhani alilijua yeye tu katika nyumba yetu, kwa sababu dada zangu nilipowauliza walicheka wakasema hawajawahi kufikiria. Tui la pili likiwa motoni linaongea haraka: chwachwachwachwa. Mwache aongee, alisema, kana kwamba tui ni mtu. Unapotia kasimile, sufuria inanyamaza. Huo unyamavu ndio wa kulinda. Ukisikia chwachwa inarudi, moto umezidi, ondoa kaa. Unaendelea kuinua, unyamavu unakaa dakika tano, saba, halafu inaanza sauti nyingine, nzito, ya kuchelewachelewa: pwata... pwata... Hapo mboga na tui wameshakuwa kitu kimoja. Subiri kidogo tena, utaona pembezoni vijidoa vya mafuta vya kijani, vidogo kama mtama, vinang'aa.

Nilipoviona mara ya kwanza niliogopa, nikamwita, "Mama, limekatika tena!" Akajibu kutoka mkekani, "Hapana. Limeiva."

Nilisimama pale nikishangaa. Mafuta yaliyojitenga yalikuwa kosa langu kwa miezi mitatu, sasa ndiyo alama ya ushindi? Akanieleza, safari hii kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema tangu augue. Tui likikatika, linakatika mapema, na maji yake yanabaki. Maji yaliyoachwa na mafuta yanachemka kwa sauti nyepesi, na ndiyo aliyoisikia siku ile ya kwanza nyuma ya pazia. Tui likiiva, maji yamekwisha kunywewa na mboga, na mafuta yanatoka kwa kuwa hayana tena kazi. Kwa mtazamaji ni kitu kile kile. Kwa msikilizaji ni vitu viwili mbalimbali. Chumvi natia hapo mwisho, kijiko kidogo kimoja na nusu, maana ukiitia mwanzo mboga ikikauka chumvi inabaki yote na sahani inakuwa bahari.

Nikawa napika, nakosea, napatia. Jirani yetu aliyeniazima kinu alikuja siku moja na bakuli la kisamvu alichokipika yeye, cha karanga zilizotwangwa, kama wanavyopika wengi wa bara. Nikahofia mama atakisukuma kama alivyosukuma changu. Alikula chote. Akauliza karanga zilikaangwa au zilitwangwa mbichi, wakaongea wawili hao kwa muda mrefu, kila mmoja akiwa na namna yake ya kuulinda uzito usikatike, maana karanga nazo zina kukatika kwake. Ofisini ninaye mwenzangu wa Kigoma ambaye kwao hutia mawese. Kahifadhi chupa kwenye kabati lake nyumbani kama dawa. Ningependa kuonja nyumbani kwao siku moja. Chetu, hata hivyo, kitabaki cha nazi. Hilo sisemi kwa kubishana. Nasema kwa sababu mtu aliyekuwa anarudi kutoka kwenye giza la kiharusi aliomba hicho.

Daftari lipo. Vipimo ni vile nilivyovitaja, nilivipima kwa mizani, na hutosha watu watano wenye njaa ya kawaida. Nimempa mwanangu wa kike ili alinakili kwa mwandiko wake. Dada yangu mkubwa alipokuja kututembelea alisoma kurasa zile akashika mdomo. Akasema hakujua kama anajua vitu vingi hivyo.

Katika mwezi wa kumi na moja mama aliacha mkeka akahamia kigoda, jikoni kabisa, karibu na jiko la mkaa. Gesi ninayo, lakini kisamvu tunapika kwa mkaa kwa sababu kaa unaweza kuliondoa moja moja. Ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka msikitini, samaki wameshakaangwa. Kasimile ilikuwa imeingia, sufuria imenyamaza, nami nachota na kuinua, nachota na kuinua, akili yangu nusu iko kwenye wali. Mama akanyoosha mkono wa kushoto. Nikadhani anataka maji, nikageuka kutafuta kikombe.

Niliporudisha macho, upawa ulikuwa mkononi mwake. Aliuchovya, akachota, akainua shubiri moja, akamimina. Mara ya pili. Mara ya tatu. Hakunitazama. Mkono ulikuwa mgeni wa kazi ile, ulitikisika kidogo unapopanda, lakini ulikuwa unashuka mahali panapotakiwa, na tui likawa linarudi sufuriani kwa mstari mmoja mweupe bila kuruka. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe kitupu.

"Linataka kushika chini," akasema. "Toa kaa moja."

Nikaweka kikombe, nikachukua koleo.